Gemu ya Maji, na Barua Niliyoijibu kwa Jina Lako

Nekesa mwanangu,

Nimefunga saiba, hiki kiduka changu cha intaneti, mapema leo. Mlangoni nimebandika karatasi kwamba mashine ya kuchapisha imeharibika. Ni uongo, lakini ningeandika kwamba binti yangu anasafiri kesho, Mama Karanja wa mboga angeingia kuniuliza unakwenda kukaa muda gani na kama huko kuna unga wa ugali. Wewe uko mtaa wa Fedha kumuaga shangazi yako, na baba yako bado yuko kazini kwenye karakana ya reli. Nina saa mbili tatu za kuwa peke yangu, na nimeamua kukuandikia yale ambayo mdomo wangu umekataa kuyasema tangu mwaka jana.

Sitakuandikia habari za sweta. Baba yako ameshakupa hotuba ya pasipoti mara nne, na kukhu, nyanya yako, amekuombea kwa simu mpaka betri ikazima. Mimi nataka kukuandikia habari za makosa yangu mawili. La kwanza ulikuja kulijua ukiwa mtu mzima, tena mbele ya wakili. La pili lilikuangukia wewe mwenyewe. Wewe hukuwahi kunidai maelezo, na ndiyo maana nayatoa.

Unajua kwamba tulikaa Dandora kabla ya kuhamia Tassia, lakini ulikuwa mdogo. Utakumbuka moshi wa jaa upepo ulipogeuka, na pengine utakumbuka duka langu, kile kibanda cha mabati karibu na soko. Nilikuwa nachoma sidii. Mtu akitaka filamu, nyimbo, mahubiri au gemu ya kompyuta, mimi nilikuwa nazo, na zote nilizinakili mwenyewe kwa kompyuta moja iliyonguruma kama mashine ya kusaga unga. Sikuona ubaya wowote. Nilijiambia kwamba wenye filamu wako ng'ambo, hawanijui, na hawatalala njaa kwa ajili yangu.

Kisha kukaja sidii ya Rhoda. Rhoda alikuwa rafiki yangu. Tuliimba kwaya moja, yeye sauti ya kwanza, mimi ya pili, na siku ya ubatizo wako ni yeye aliyekubeba kwa sababu mimi nilikuwa na homa. Baadaye akaanzisha kikundi chake cha wanawake saba. Wakachanga, wakaingia studio, wakatoka na nyimbo nane, wakawa wanauza sidii zao nje ya kanisa baada ya ibada. Mteja mmoja akaniletea ile sidii nimnakilie moja. Nikamnakilia. Akaja mwingine kuiulizia, na mwingine. Kabla mwezi haujaisha ilikuwa ndiyo inayotoka zaidi dukani kwangu.

Rhoda aliingia siku ya Jumamosi. Sikuwa nimeificha, ilining'inia mbele kwenye kamba pamoja na nyingine. Akaichukua, akalitazama lile jalada nililokuwa nimelipiga fotokopi. Akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama Nekesa, mbona sura yangu imekuwa nyeusi hivi?" Kweli, mashine ilikuwa imemfuta macho na mdomo. Nikamjibu kwamba wino ulikuwa mwingi. Hilo ndilo jibu nililompa rafiki yangu. Akairudisha sidii kwenye kamba, akainyoosha isikae upande, akaenda zake. Kikundi chao hakikurudi studio tena.

Si yeye aliyeniripoti. Miezi michache baadaye maafisa wa hakimiliki walikuja na polisi, wakapita kibanda kwa kibanda, wakabeba kompyuta yangu na mimi mwenyewe. Nililala ndani siku mbili. Wewe ulikuwa darasa la pili. Baba yako alikuambia nimeenda matangani Bungoma. Hakimu alinionya, akaniacha niende, na sijawahi kuchoma sidii nyingine tangu siku hiyo. Lakini nilitoka mle na hofu ambayo sikuwa nayo nilipoingia. Hata leo mtu akinipa karatasi yenye mhuri, natafuta pa kukaa kabla sijaisoma.

Katika vitu vilivyobaki baada ya msako, kulikuwa na sidii moja ya gemu iliyokuwa imeanguka nyuma ya meza. Nilipofungua saiba hapa Tassia nilikupa uchezee. Unaikumbuka kuliko mimi, ile gemu ya zamani ya kupeleka maji mjini. Unachimba kisima, unalaza mabomba, unajenga tangi, na watu wadogo kama siafu wanapanga foleni. Sisi kwenye ploti, hizi nyumba zetu za kupanga, tulikuwa tunapata maji mara mbili kwa wiki, na wewe ulikaa hapa kwenye kompyuta ya mwisho ukiwagawia maji watu wasiokuwepo. Nilikuwa nakufokea kwa hilo, na kelele hizo nazijutia.

Ulipoingia chuo gemu ile ilikuwa imekufa. Kampuni ya ng'ambo iliyoitengeneza iliacha kuiuza, na kompyuta mpya zilikataa kuifungua. Nikafikiri umeisahau. Kumbe ulikuwa unaijenga upya. Siku uliyoniambia ulikuwa unatafuna mahindi ya kuchoma, na punje zilikuwa zinaangukia kibodi yangu.

"Unainakili," nikakuambia.

"Zii, mathe. Kunakili ni ile kazi yako ya kitambo. Mimi naandika yangu kutoka mwanzo."

Hukusema kwa ubaya. Ukanieleza kwamba mko wengi, wengine hamjawahi kuonana, na kwamba wewe na Marieke, yule mwalimu wa Uholanzi, ndio mlioanza. Marieke alicheza gemu ya zamani na kuandika kwa maneno yake jinsi inavyofanya kazi: maji yaende kasi gani bomba likiwa jembamba, tangi lipasuke wakati gani. Wewe ulichukua maelezo hayo na kuandika msimbo wako, yale maandishi yanayoiambia kompyuta cha kufanya, bila hata mmoja wenu kupasua gemu ya wenyewe na kuangalia yaliyomo. Mlipomaliza mkauweka msimbo hadharani, kila mtu auone, autumie, auongezee. Programu huria, ukaniambia. Aliyekuwa na gemu halali ya zamani angeweza kutumia picha zake. Asiyekuwa nayo mlimchorea mpya. Ndiyo sababu mji wako una mikokoteni ya mitungi, na matangi meusi juu ya maghorofa, na mama aliyekalia ndoo.

Nilikusikiliza, nikaitikia kwa kichwa, na moyoni nikasema: huyu mtoto ataenda jela kwa ajili ya ile sidii yangu.

Lakini pia niliona kitu kingine, ambacho sikukuambia. Mlipoitoa, uliiweka kwenye kompyuta mbili hapa saiba. Siku moja Mama Karanja alikuwa anangoja nimchapishie fomu, akakaa kucheza. Keateka, yule mtunzaji wa ploti namba tisa, akasimama nyuma yake.

"Hapo umeweka tangi chini," akamwambia. "Maji yatapandaje ghorofa ya tano?"

"Yatapanda."

"Hayapandi. Mimi nimekuwa keateka miaka kumi na mbili. Hayapandi."

Fomu ilitoka ikapoa. Wakabishana mpaka watu wanne wakasimama pale, kila mtu na fundi wake kichwani, na mimi nikawa natazama watu wazima wa Tassia wakijifunza kwa nini ghorofa ya tano hulala na kiu. Ulikuwa chuoni, hukuona. Nilienda nyuma ya pazia nikajifanya natafuta karatasi. Nilikuwa nimejaa fahari, Nekesa.

Sasa nifike kwenye barua.

Ilikuja kwa barua pepe ya saiba, kwa kuwa ndiyo uliyoiandika kwenye ukurasa wenu kama anwani. Ilikuwa juma lako la mitihani. Niliichapisha kwa sababu kwenye kioo herufi zilikuwa zinaniruka. Mawakili wa ile kampuni walisema kwamba wateja wao wanatayarisha toleo jipya la gemu ile, kwamba ninyi mmevunja hakimiliki yao na kutumia alama yao ya biashara, kwamba mwondoe kila kitu ndani ya siku kumi na nne la sivyo mtapelekwa mahakamani. Kulikuwa na jina lako kamili mwanzoni. Nililisoma jina hilo nikiwa nimesimama, halafu nikakaa chini sakafuni, hapa ninapoweka viatu sasa.

Ningekupigia simu. Ningemwita baba yako. Ningefunga mlango nikanywa maji. Badala yake nilikaa kwenye kompyuta na kujibu kana kwamba mimi ni wewe. Maneno yale nayajua kwa moyo: *Ni kweli tumeiba gemu yenu. Mimi ni msichana mdogo kutoka familia ya kawaida. Naomba mnisamehe, nitafanya lolote mtakalosema.* Nikaweka jina lako chini. Nikatuma. Nikahisi nimekuokoa, na nikapika chapati jioni hiyo.

Siku tatu sikusema kitu. Siku ya nne walijibu. Walinishukuru, yaani walikushukuru wewe, kwa kukiri. Wakataka majina na anwani za wote mlioshirikiana nao, na wakatuma hati ya wewe kutia sahihi, inayosema kwamba msimbo wote ni mali yao. Hapo ndipo nilipofahamu nilichofanya. Nilikuwa nimefungua mlango na kuwakaribisha.

Ulipotoka kwenye mtihani wako wa mwisho nilikungoja hapa. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Ulisoma barua yao, ukasoma yangu, ukairudia yangu mara ya pili. Kisha ukaniuliza kitu kimoja tu.

"Mathe, uliamini kweli niliiba?"

Nilitaka kusema hapana. Nikasema, "Ndiyo."

"Sawa," ukasema. "Basi lazima niandike vizuri zaidi. Kama wewe hukuelewa, hao pia hawataelewa."

Mimi nilizaliwa na hasira za kwetu, na baba yako pia, kwa hiyo sijui ulikoutoa utulivu huo. Nilikutazama nikaona kwamba katika chumba kile mtoto alikuwa mimi.

Wiki ileile tulikwenda kwa Wakili Muthoni, yule mama anayetoa ushauri wa bure chuoni kwenu. Ulibeba daftari zako tatu. Nilidhani ni za masomo. Kumbe tangu siku ya kwanza ulikuwa umeandika nani ameandika nini, lini, na amekijuaje. Wakili alifunua kurasa polepole akauliza nani alikufundisha kuweka kumbukumbu hivi. Ukasema hakuna. Kisha ukasema labda ni mama, kwa sababu hapa saiba kila anayechapisha huandikwa kitabuni. Sijui kama ulisema kweli au ulinihurumia.

Alitueleza kwa lugha ya watu. Sheria hailindi wazo la kupeleka maji mjini, wala namna gemu inavyochezwa. Inalinda picha walizochora, muziki waliotunga, msimbo walioandika na jina waliloandikisha. "Kwa hiyo tugawe barua yao," akasema. "Walichosema kweli tukitoe. Wasichosema kweli tukikatae kwa adabu." Akakuonya pia: "Kuwa na haki ni jambo moja. Kuweza kusimama nayo katika mahakama ya nchi nyingine miaka mitatu ni jambo lingine. Ukikataa kila kitu, utakuwa umewapa anwani yako na kuwaalika."

Mkaanza kugawa. Jina lenu lilifanana mno na lao, kweli. Kwenye ukurasa wenu kulikuwa na picha iliyokatwa kutoka gemu yao, kweli. Mtu alikuwa ameweka muziki wao wa mwanzo kwa sababu aliupenda tangu utotoni, kweli. Msimbo ulikuwa wenu. Hapo wakili akainua kidole.

"Wote? Una hakika kila mstari?"

Ungeweza kusema ndiyo. Badala yake ulisema, "Nipe siku tano." Ulikuja kukaa hapa saiba na kupitia mstari kwa mstari. Siku ya nne ukapata kipande kimoja, sehemu ya kupasuka kwa mabomba, kilichotumwa na msaidizi mmoja mnayemjua kwa jina la utani tu. Hakikufanana na mkono wake. Ulipombana alikiri: msimbo wa ile kampuni uliwahi kuvuja mtandaoni, naye akachukua humo. Hakuna aliyekuwa amegundua, hata mawakili wao.

Nilikuwa nyuma yako nikipanga karatasi siku mliyojadiliana kwa simu. Mmoja alisema kifichwe. Mwingine alisema mhamishe kila kitu kwenye tovuti isiyouliza majina, mpotee. Wewe ulikuwa mdogo kuliko wote, na ulizungumza Kiingereza chako cha taratibu, lakini nilielewa. Uliwaambia kwamba mkificha kipande hicho, hata kile kilicho chenu kwa haki kitanuka. Mkakitoa. Mkamtafuta mtu ambaye hajawahi kukiona akaandika kingine kwa maelezo tu. Wasaidizi karibu nusu walikasirika wakaondoka. Siku zile zote sikukusikia ukilalamika, ila uliacha kula, na nilijua.

Ilibaki barua yangu. Wakili alisema haifutiki, ila inaweza kuelezwa. Mimi niape kwa maandishi kwamba niliiandika mwenyewe, bila wewe kujua, na niseme kwa nini. Akachukua kalamu.

"Kwa nini uliandika, mama?"

Nikasema niliogopa.

"Uliogopa nini? Watasoma hii wakijiuliza kama ni kweli. Niambie ukweli."

Ulikuwa umekaa kando yangu, na goti lako lilikuwa linagusa langu. Nikamwambia. Nikamwambia habari za Dandora, za kibanda, za sidii ya Rhoda, na za siku mbili nilizolala ndani. Nilisema nikitazama kalamu yake. Nilipomaliza nikageuka kukuangalia, kwa sababu wewe ulikuwa umedanganywa tangu darasa la pili.

"Ulirudi bila ndizi," ukasema.

Sikuelewa.

"Ukienda Bungoma unarudi na ndizi kila mara. Hiyo siku ulirudi mikono mitupu, na ukanioga na nguo zako." Ulimaanisha nilikuogesha nikiwa bado nimevaa nguo zilezile, na Kiswahili chako kilikuwa kimekuponyoka kama cha mtoto. Wakili akanisogezea hati. Nikatia sahihi.

Mlipeleka majibu: hati yangu, daftari zako, orodha ya mlichoondoa pamoja na kile kipande ambacho hawakukijua, na aya moja iliyokataa kwa adabu kutia sahihi kwamba msimbo ni wao. Siku zile kumi na nne zilikuwa zimesogezwa mara moja. Tovuti iliyouhifadhi msimbo wenu ilikuwa imeshaufunga ukurasa kwa ajili ya malalamiko, na kila asubuhi ulikuwa unafungua unakuta maandishi yaleyale. Jibu lilikuja baada ya wiki nyingi. Walisema wamepokea. Walisema hawana dai zaidi kwa sasa, lakini haki zao zote wanazihifadhi. Nikakuuliza hiyo ina maana gani.

"Ina maana tumepona leo," ukaniambia.

Baba yako alitaka kuchinja kuku. Wewe ulisema tungoje ukurasa ufunguliwe. Ulipofunguliwa gemu ilikuwa na jina jipya, Mfereji, na tukachinja.

Kuna jambo moja ulilofanya baada ya hapo ambalo sijakuambia lilivyonigusa. Gemu ilikuwa haina muziki, nawe ukaniomba nikupeleke kwa Rhoda kuomba wimbo wake. Nadhani pia ulitaka mimi nifike pale. Tukamkuta Dandora, anafuma vitambaa vya viti mlangoni. Nikamwambia niliyopaswa kumwambia miaka yote ile. Akasikiliza, akaendelea kufuma.

"Nilikungoja mwaka ule," akasema. "Mwaka wa pili pia nilikungoja." Kisha akaniambia nikae, na akatuletea chai.

Ulipomweleza unachotaka, ukamtolea karatasi ya makubaliano uliyoiandika kwa Kiswahili, jina lake juu, ikisema kwamba wimbo utabaki wake. Aliisoma yote. Akaikunja, akakurudishia.

"Ni karatasi nzuri, mwanangu. Lakini hapana. Zile nyimbo sitaki ziende mahali ambapo sizioni."

Mimi ningebembeleza. Wewe ulimshukuru, ukaweka karatasi mfukoni, ukamuuliza habari za magoti yake. Tulipokuwa tunaondoka ukaniambia, "Ni zake." Basi. Wiki iliyofuata ulienda kurekodi maji yakijaa kwenye mitungi pale ploti, asubuhi maji yanapofika, na hiyo ndiyo sauti ya gemu mpaka leo. Kila nikienda Dandora sasa napita kwa Rhoda. Hajasema amenisamehe. Hunipa chai.

Niliuza kazi za watu miaka minane, na sikuwahi kumuuliza mtu hata mmoja. Wewe uliuliza mara moja, ukaambiwa hapana, ukaiheshimu ile hapana kama ambavyo ungeiheshimu ndiyo. Nimewaona watu wengi wenye akili ya kompyuta wakipita hapa saiba. Akili hiyo ni nzuri na nashukuru Mungu unayo. Lakini siku ile pale mlangoni kwa Rhoda ndipo niliposema, huyu naweza kumwachilia aende popote.

Na mwezi uliopita ukaja huo mkataba wa kazi unayoendea Uholanzi. Najua hukutaka kuzungumza sana juu yake kwa sababu baba yako alikuwa anasema utie sahihi kabla hawajabadilisha nia. Ulikaa mezani na kuusoma mpaka ukurasa wa kumi na moja, ukapata mahali paliposema kwamba chochote utakachokitengeneza ukiwa mfanyakazi wao, hata nyumbani, hata Jumapili, ni chao. Ukawaandikia kwamba Mfereji ulikuwepo kabla yao na una wenyewe wengi, kwa hiyo watoe Mfereji humo au hutaweza kuja. Baba yako alizunguka chumba. "Kazi ng'ambo, na huyu anaenda kubishana," akawa anasema.

Jibu lao lilikuja kwa barua pepe ya saiba, wewe ukiwa umeenda kwa daktari wa chanjo. Lilikaa pale kwenye kioo, halijafunguliwa, kwa saa tatu na nusu. Nilichapisha vyeti vya watu. Nilipiga picha za pasipoti. Nilifagia mara mbili. Sikulifungua, Nekesa. Uliporudi nikakuambia tu, "Kuna barua yako," na nikaenda nje kununua mboga ya sukuma ambayo hatukuihitaji. Niliporudi ulikuwa unacheka peke yako. Walikuwa wamekubali, kwa maandishi.

Huko uendako wataleta karatasi nyingine, na siku moja pengine wale mawakili wa kwanza watarudi, maana hawakuahidi kutorudi. Sina ushauri wa kisheria wa kukupa. Huo unao kuliko mimi. Ninalojua ni kwamba hofu huandika haraka, na huandika kwa jina la mtu mwingine. Ikikujia, na itakujia, hata wewe, inuka kwanza kwenye kiti. Mpigie Wakili Muthoni. Nipigie mimi, nami nitakusikiliza mpaka mwisho kabla ya kusema neno. Nimejifunza kwa kuchelewa, lakini nimejifunza.

Na usione haya kukosea. Daftari zako zilikuokoa, lakini zilikuokoa kwa sababu uliandika humo hata mlipokosea. Mimi niliyaacha makosa yangu bila kuyaandika popote, yakawa yanakua gizani kama viazi chini ya kitanda.

Nasikia baba yako anabishana na keateka hapo nje juu ya ni nani atakayebeba sanduku lako kesho. Wote wawili wana migongo mibovu. Nitalibeba mimi.

Barua hii si siri. Ukitaka kumsomea Marieke, mtafsirie. Ukitaka kuiweka tu, iweke. Ila ujue kwamba safari hii nimeandika kwa niaba yangu mwenyewe, yote niliyoyasema niliyafanya, na chini yake naweka jina langu.

Beatrice Nafula Wanyonyi,
mama yako.